Fedha ya Karatasi na Deni la Maiti

 

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba miongoni mwa ada za Wachina ni kuwachomea wafu wao fedha ya karatasi. Hufanya hivyo katika mazishi, na katika siku ya kuzuru makaburi iitwayo Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili, na tena siku ya 15 ya mwezi wa saba wa hesabu yao, ambapo hudhani kuwa roho zimefunguliwa kuwarudia jamaa zao. Zamani walizika mali yenyewe pamoja na maiti, na wafalme wa kale wakazikwa hata na watu. Na ilipofika dola ya Tang, kabla ya mwaka 750, karatasi ilikwisha shika mahali pa fedha. Leo huunda kwa karatasi nyumba, watumishi, motokaa, hata simu, wakazitia moto, wakiitakidi kuwa kiunguacho huku huwa kitu halisi kule mikononi mwa maiti. Ziko na noti zilizopigwa chapa kwa jina la benki ya ahera, za maelfu na malaki.

Tena wako wasemao kuwa kila mtu alipozaliwa alikopa katika hazina ya ahera, basi akifa hulipiwa deni lile kwa karatasi. Itikadi hii ni batili, hapana shaka. Lakini mwana yule achomaye amekumbuka kuwa babaye ana deni. Je, sisi?

Imepokewa kwa Jabir kuwa aliletwa maiti ili Mtume s.a.w. amsalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa, dinari mbili. Hakumsalia hata Abu Qatada alipojitwika deni lile. Kesho yake akamwuliza tena. Na alipokwisha kujua kuwa zimelipwa, ndipo alipotoa habari kuwa ngozi ya yule maiti imepoa. Dinari mbili tu!

Kwetu mtu hufa naye ana deni la duka, na mahari ya mkewe hajaitoa, na mayatima amewaacha. Nasi siku ya tatu twachinja mbuzi kwa mali ile ile, tukala, tukaenda zetu. Mchina ameunguza karatasi aliyoinunua. Sisi tumekula mali ya yatima. Alipouawa Jaafar huko Mu'ta, mwaka 8 wa Hijra, Mtume aliamrisha watu wawapikie jamaa zake; hakuwaamrisha jamaa wapike.

Sisemi kuwa hitima ni haramu, kama nisingiziwavyo kila mwaka. Sadaka na dua humfikia maiti kwa ijmai. Waislamu wa Uchina nao, walioishi kati ya watu hao zaidi ya miaka elfu, huwasomea maiti wao Kurani, wakapika mikate ya mafuta wakaigawa. Nisemalo ni kuwa mali ya maiti kwanza ni maziko yake, kisha deni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Na fungu la yatima hata msimamizi wake hana ruhusa kulitoa sadaka. Atakaye kupika na apike kwa chumo lake. Na kabla chungu hakijainjikwa, aulizwe mjane kama mahari yake alikwisha pewa.