Chini ya Jiwe

Huku kwetu pwani ya Mtwara, mto Ruvuma hufika umechoka. Umetembea takriban kilomita 800 kutoka milima ya Matogoro, jirani na Songea, na ukikaribia bahari huwa mpana na mzito, mchanga umejaa, mikoko pembeni. Mwaka 1862 Livingstone aliupanda kwa mashua kutoka mlangoni, mawe yakamrudisha. Kwake yalikuwa kizuizi. Lakini yupo kiumbe mdogo ambaye hawezi kuishi pasipo mawe na maji ya kasi.

Nilimwona kwenye kijito kimoja cha Songea, nilipogeuza jiwe lililokuwa likipigwa na maji. Ni tunutu wa mdudu aitwaye Neoperla: mwili bapa, mikia miwili, kucha mbili kila mguu, na kwenye mashina ya miguu vishungi vyeupe mithili ya pamba. Kwa vishungi hivyo huvuta hewa iliyomo majini. Wanaopima afya ya mito yetu kwa kutazama wadudu humpa alama za juu, maana maji yakichafuka yeye ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka.

Nikamtia kikombeni nimtazame vizuri. Maji yakatulia, pumzi ikaanza kumpungukia. Hakutapatapa. Alishika chini ya kikombe kwa kucha zake, akawa anauinua mwili na kuushusha, anauinua na kuushusha. Maji hayakumpitia tena, basi akayatikisa mwenyewe yapite kwenye vishungi. Nilimrudisha upesi, moyo ukinisuta.

Wiki hii nimemkumbuka kwa sababu ya mama mmoja wa jumuiya yetu aliyezika mtoto. Aliniambia, "Baba, sala imenikauka. Nakuja kanisani napiga magoti, nainuka, napiga magoti, nainuka. Neno sina." Nilitaka kumweleza habari za Eliya, ambaye kijito cha Kerithi kilimkaukia akiwa palepale alipotumwa na Mungu. Habari hiyo naipenda sana, ila ulimi ulikataa, nikamsimulia mdudu.

Akasikiliza hadi mwisho. "Sasa alipona?"

"Niliporudisha mkono majini aliingia chini ya jiwe lake."

Hakusema kitu. Jumapili, misa ya kwanza, nilimwona benchi la tatu, khanga ya msiba bado mabegani, anapiga magoti.