Haki ya wale 180

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: mtu akikosea hesabu inayomhusu mwenzake, je, amekosea hesabu tu, au amemdhulumu? Nafundisha hisabati za biashara na takwimu madarasa ya jioni hapa Tanga, na wanafunzi wangu wengi huja darasani wakitoka kazini: makarani wa SACCOS, mawakala wa pesa za simu, wenye maduka, maafisa mikopo. Wengi wao wanaamini kwamba dini ina mahali pake na hesabu ina mahali pake, na kwamba jibu likikosewa kinachopotea ni alama. Mimi naamini vingine, na nitaeleza kwa kutumia zoezi moja tu, la aina ambayo haikosekani katika vitabu vya takwimu za biashara.

Zoezi lenyewe ni hili. Taasisi ya mikopo ina wakopaji 1,000. Kwa uzoefu wa miaka iliyopita, 100 kati yao watashindwa kumaliza deni na 900 watamaliza. Katika wale wanaoshindwa, asilimia 80 huwa wamechelewa kuleta rejesho la kwanza. Katika wale wanaomaliza, wanaochelewa rejesho la kwanza ni asilimia 20. Mama mmoja muuza samaki amechelewa rejesho lake la kwanza. Kuna uwezekano gani kwamba atashindwa kulipa?

Karibu darasa zima huandika asilimia 80. Huandika upesi na kuweka kalamu chini. Afisa mikopo mmoja, mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, aliwahi kuniambia, “Madam, sisi hata hatupigi hesabu. Akichelewa la kwanza, huyo ameshajionyesha.”

Kwa hiyo kanuni ya uwezekano huwa naiweka kando kwanza, nawapanga watu ubaoni. Kushoto 100 watakaoshindwa, kulia 900 watakaomaliza. Katika wale 100, waliochelewa ni 80. Katika wale 900, asilimia 20 ni 180. Waliochelewa wote kwa pamoja ni 260, na watakaoshindwa miongoni mwao ni 80 tu. Gawanya 80 kwa 260, unapata karibu asilimia 31. Maana yake, katika kila wakopaji kumi waliochelewa rejesho la kwanza, karibu saba watalipa deni lote mpaka shilingi ya mwisho. Yule afisa alirudia kujumlisha kwenye kikokotoo chake, akatazama ubao, akauliza, “Sasa hawa 180 sisi tumekuwa tukiwaweka wapi?”

Hilo ndilo swali la kidini hasa, ingawa yeye aliliuliza kama swali la kazi. Aliyeandika 80 hakubuni takwimu. Kila namba aliyoitumia ilikuwa ya kweli. Alichofanya ni kuchukua jibu la swali moja na kulipa swali jingine. Aliulizwa, “Katika waliochelewa, wangapi watashindwa?” Akajibu, “Katika wanaoshindwa, wangapi huchelewa?” Maswali hayo mawili yanafanana masikioni, lakini katika lile la pili wale 180 waaminifu hawaonekani popote. Hawakuhukumiwa wakashindwa, hawakuhesabiwa kabisa.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Uingereza, mwaka 1999, wakili aliyeitwa Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha kwa madai ya kuwaua wanawe wawili wachanga. Bingwa wa magonjwa ya watoto aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya usingizini kutokea katika familia kama ile ni mmoja katika milioni 73. Aliipata namba hiyo kwa kuchukua moja katika 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe, kana kwamba kifo cha mtoto wa pili hakihusiani kabisa na cha wa kwanza, ilhali ndugu hao wana damu moja na wamelala nyumba moja. Na hata kama kuzidisha kule kungekuwa sahihi, namba ile isingekuwa jibu la swali la mahakama. Watoto walikuwa wameshafariki. Kilichotakiwa ni kulinganisha maelezo mawili, yote ya nadra mno: vifo viwili vya ghafla, au mama aliyeua mara mbili. Mwaka 2001 Royal Statistical Society, chama cha wanatakwimu wa Uingereza, kilitoa tamko la kuupinga ushahidi ule. Hukumu ilifutwa mwaka 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya vipimo vya maabara hayakufikishwa kwa upande wa utetezi. Mama yule alifariki mwaka 2007. Kosa la kuchanganya maswali mawili lilichangia kumweka jela mtu aliyekuwa tayari amefiwa.

Sasa turudi kwenye dini. Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo, Surat al-Mutaffifin. Wanaolaumiwa mwanzoni mwake ni watu wanaodai kipimo kikamilifu wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Katika Agano la Kale nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wa wakati wake kwa makosa hayo hayo ya mizani na vipimo. Wahubiri wetu huyasoma haya wakifikiria pishi la mchele na mizani ya buchani. Mimi nayasoma nikiwaona wale 260. Anayewahesabu 80 na kuwaacha 180 amepima kikamilifu ushahidi unaomlaumu mkopaji, akapunguza ule unaomtetea. Kilichopunjwa si mchele, ni heshima ya mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mtu nayo hupotea hivyo hivyo.

Kijana mmoja aliyehifadhi Kurani alinipinga, na alinipinga vizuri. “Mwalimu,” alisema, “dhambi iko kwa anayekusudia. Aliyekosea kwa kutojua hana neno.” Ni kweli kwa mtu anayekosea katika jambo ambalo hakujitwika. Lakini wanazuoni wa fiqhi wanambebesha dhamana mtu anayejitwalia kazi ya utabibu bila kuwa na elimu yake: akimdhuru mgonjwa, nia yake njema haimwondolei fidia. Anayekaa kwenye meza ya kuamua nani apate mkopo na nani akose amejitwika kazi ya kuwapima watu. Kujua kupima si pambo kwake, ni wajibu. Ndiyo maana siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba sura hii ya uwezekano ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wengine huniuliza habari ya riba. Hilo ni swali zito lenye uwanja wake, na msimamo wa dini yangu kuhusu riba unajulikana. Lakini iondoe riba kabisa, ubaki na karadha ya kusaidiana tu au mali iliyouzwa kwa malipo ya baadaye, na bado mwenye mali atajiuliza: huyu atanirudishia au hatanirudishia? Swali la kumpima mtu halikwepeki.

Je, kupiga hesabu ya kesho ya mtu si kuingilia ghaibu? Mwisho wa Surat Luqman yametajwa mambo ambayo ujuzi wake uko kwa Mungu peke yake, na mojawapo ni kile ambacho mtu atachuma kesho. Hilo hasa ndilo mkopeshaji angependa kulijua kuliko jambo lolote. Mwanafunzi mcha Mungu akiona uwezekano wa kesho unaandikwa ubaoni, ana haki ya kushtuka.

Jibu langu ni kwamba uwezekano hauisomi kesho. Unapanga vizuri kile tusichokijua leo. Haikuwa ajabu kwa walioanzisha elimu hii kuishika pamoja na imani. Kanuni tunayoitumia katika zoezi letu inatokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1763 na rafiki yake Richard Price, ambaye naye alikuwa mchungaji, na Price aliona kwamba hoja hizo zinasaidia kuonyesha kuwa ulimwengu una mwenye kuupanga. Si lazima tumfuate huko. Inatosha kuona kwamba walioiandika hawakudhani wanamnyang’anya Mungu kitu. Mungu anajua kama mama huyu atalipa. Asilimia 31 haimhusu Mungu hata kidogo. Ni kipimo cha kutojua kwetu sisi.

Na hapa kuna jambo zito kuliko kosa la wale walioandika 80, kwa sababu linambana hata aliyepata jibu sahihi. Hiyo asilimia 31 ni ya nani? Mwaka 1866 John Venn, yule yule ambaye michoro yake tulifundishwa sekondari kwenye mada ya seti, alitoa kitabu juu ya mantiki ya bahati. Wakati huo alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alionyesha kwamba mtu mmoja ana sifa nyingi zisizohesabika, na kwa kila sifa anaweza kuingizwa katika kundi tofauti, na kila kundi lina kiwango chake.

Mchukue mama yetu wa samaki. Mweke katika kundi la wakopaji wote wa taasisi, ambako wanaoshindwa ni 100 katika 1,000, unapata 31. Sasa mweke katika kundi la wanawake waliokaa miaka mingi kwenye soko la samaki la Deep Sea, na tuseme huko wanaoshindwa ni 50 tu katika 1,000. Acha mazoea ya kuchelewa yabaki yale yale. Waliochelewa watakuwa 40 wa kushindwa na 190 wa kulipa, na uwezekano unashuka hadi asilimia 17. Mweke tena katika kundi la watu waliokopa msimu wa upepo mkali, boti zikiwa hazitoki, na tuseme huko wanaoshindwa ni 300. Waliochelewa watakuwa 240 na 140, na uwezekano unapanda hadi asilimia 63. Mama ni yule yule, ndoo yake ile ile, kuchelewa kule kule. Ni sisi tuliochagua tumsimamishe na nani.

Uchaguzi huo haufanywi na kanuni. Unafanywa na mtu, na mtu huyo ataulizwa. Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012, ikiangalia mtu anavyotumia simu na M-Pesa ili kumkadiria kiwango cha mkopo, watu wa Afrika Mashariki wamezoea kuwekwa katika makundi wasiyoyaona. Sisemi ni ubaya. Wapo waliopata mkopo wao wa kwanza kwa njia hiyo, bila dhamana ya nyumba wala shamba. Nasema kwamba aliyebuni kundi amefanya kazi ya hakimu, hata kama hajawahi kumwona aliyehukumiwa.

Kuna anayesema basi tuachane na namba, turudi kwenye kujuana kama kwenye VICOBA, ambako wanakikundi wanajua kwamba mama kachelewa kwa sababu mtoto alilazwa hospitali ya Bombo. Naheshimu sana kujuana huko, na mara nyingi kunaona kile ambacho takwimu haioni. Lakini kikundi pia kina husuda, kina ugomvi wa mashemeji, kina mtu ambaye jina lake lilichafuka miaka mingi iliyopita na halisafishiki. Mtu wa namna hiyo hutetewa na namba. Surat al-Hujurat inakataza dhana mbaya pamoja na upekuzi na usengenyaji, kwa sababu dhana isiyopimwa haina mwisho. Hesabu iliyopigwa vizuri huishusha dhana kutoka 80 hadi 31, na hiyo ni rehema.

Kwa sababu hiyo, katika madarasa yangu namba peke yake haipati alama zote. Nataka sentensi mbili chini yake. Ya kwanza iseme wazi inawahusu nani: “Katika wakopaji 260 wa taasisi hii waliochelewa rejesho la kwanza, 80 watashindwa na 180 watalipa.” Sikubali mtu aandike kwamba mama huyu “ni wa asilimia 31”, maana hakuna binadamu wa hivyo. Ya pili itaje jambo moja ambalo likijulikana litabadilisha jibu: sababu ya kuchelewa, msimu, deni jingine, chochote ambacho mtu anaweza kwenda kukiuliza. Wanafunzi hulalamika kwamba mtihani wa bodi hautaki sentensi hizo. Ni kweli, hauzitaki. Nazitaka mimi, kwa sababu sentensi ya kwanza inamzuia mkopeshaji asiwafiche waaminifu ndani ya asilimia, na ya pili inamtoa ofisini aende akamsikilize mtu.

Baada ya hapo bado taasisi inaweza kuamua kuwanyima mkopo wa pili wote 260, kwa kuogopa hasara ya wale 80. Hesabu haiwezi kuikataza, wala sidai kwamba kila mkopeshaji lazima abebe hasara ya kila mkopaji. Lakini sasa atakayetia saini uamuzi huo anajua kwamba anawaadhibu waaminifu 180 kwa ajili ya wasiolipa 80, na hawezi tena kusema hakujua. Kutojua kulikuwa udhuru wake, na hesabu imeuondoa. Mimi nafundisha ili udhuru huo uondoke kwa kila anayepita darasani kwangu. Kinachobaki baada yake ni kati yake na Mungu wake, na kati yake na mama aliyeketi mbele ya meza yake akisubiri jibu.