Mwenye Mishale na Ashike Ncha Zake

Wamarekani wangali wabishana juu ya bunduki. Wamoja husema: ni haki yetu kwa nyongeza ya katiba ya mwaka 1791, na mwaka 2008 mahakama yao kuu iliamua kuwa kila raia ana haki ya kuweka silaha nyumbani ajilinde. Wengine hujibu: na hawa wauawao, haki yao i wapi?

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya mbali. Mapema mwaka huo huo wa 2008, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, Wakipsigis na Wakisii walipigana kwa mata na mishale huko Chebilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, katika nchi ya chai. Kila upande ulidai kuwa wajilinda. Basi uta wa huyu ukawa ndiyo hoja ya uta wa yule.

Husemwa: chombo hakiui, huua moyo. Hiyo ni nusu ya kweli. Nyoyo zile zilishika mishale. Lau zingalishika bunduki, makaburi yangalizidi.

Mtume (s.a.w.) aliamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asimdhuru mtu. Hakuukataza mshale, bali dhamana ya usalama wa wapitao aliitia mkononi mwa mwenye nao. Basi mwenye silaha asitosheke kuuliza, "Je, ni haki yangu?" Na aulize pia, "Jirani yangu apita salama?" Asiyeweza kuitikia ndiyo, na aiweke chini.