Mji na Sinema Yake

Je, msomaji, watu waweza kuwa na kumbukumbu ya kweli ya jambo lisilotokea? Fikiri habari za Cong, mji mdogo wa magharibi ya Ayalandi. Mwaka 1951 John Ford, mwongozaji wa sinema kutoka Marekani, alikwenda huko kupiga The Quiet Man. Katika sinema hiyo mji ulipewa jina la kubuni, na duka moja la vyakula likaigizwa kuwa baa. Baadhi ya wenyeji waliigiza humo. Miaka mingi baadaye wageni wangali wakienda kuitafuta baa hiyo, hata duka lenyewe likageuzwa baa kweli.

Yuko atakayesema kwamba watu hao wanautukuza uongo. Mimi sikubali. Hadithi ilikuwa ya kubuni, lakini jasho lao, kicheko chao, na nyuso za wazee wao zilizobaki katika picha, zote ni kweli. Kuyakumbuka hayo ni haki yao.

Hatari iko kwingine. Katika mji uo huo yako magofu ya nyumba ya watawa, alimofia mwaka 1198 Rory O'Connor, mfalme mkuu wa mwisho wa Ayalandi. Mtu akiijua baa asimjue mfalme, sinema imeimeza historia. Mwacha asili ni mtumwa. Basi, ndugu msomaji, furahia hadithi ambazo wageni wanausimulia mji wako. Lakini usilale kabla hujawauliza wazee hadithi zake wenyewe.