Mshike Mkono, Usimfunge

Ndugu wapenzi, katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba mmoja alimletea Bwana mwanawe aliyekuwa akianguka motoni na majini. Bwana hakumfunga kamba. Alimwuliza baba habari za mtoto. Kisha akamshika mtoto mkono, akamwinua.

Nasi tunao watoto wenye kifafa na maradhi ya akili. Wengine hupelekwa mbali na kwao, wakalale huko watunzwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Basi, mzazi, uliza leseni. Nenda ukamwone mwanao, utazame mikono yake kama ina alama za kamba. Wakikufungia mlango, mrudishe nyumbani. Kumwombea ni vyema, lakini dawa zake zisikatizwe. Amina.