Mkono wa mtoto

Bibi yangu alizaliwa Giheta, karibu na Gishora, kule zilikobaki ngoma za Mwami Mwezi Gisabo. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, neno ni moja tu. Bibi alinisimulia kwamba kwetu mfalme alikuwa hachaguliwi na watu. Mtoto atakayetawala alizaliwa ameshika mbegu mkononi, imbuto.

Nikamuuliza: nani aliziona? Bibi akacheka. "Mkunga, mjukuu wangu. Nani mwingine alikuwa ndani?"

Basi huwa namfikiria huyo mama. Ni usiku, mke wa mfalme amejifungua, na mkono wa mtoto ni mtupu. Nje wazee wanasubiri. Akisema hakuna kitu, labda wana wa mfalme watapigana, na watakaokufa ni wakulima. Akisema ameziona, nchi italala salama. Je, huyo ni mwongo au ni mwokozi?

Zamani ningejibu haraka: mwokozi. Lakini mwaka jana mama mmoja hapa kambini aliniomba nishuhudie kwamba mwanae ana miaka 17, ili abaki kwenye orodha ya mafunzo. Kijana ana 18, namjua, tunacheza mpira pamoja. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nafasi zilikuwa chache. Nikimwingiza yeye, mwingine anatoka, na huyo mwingine hakuwa mbele yangu akilia. Nikaandika 18. Yule mama hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

Uongo wa huruma nao una mtu wa kuulipia, na mara nyingi mtu huyo hayupo chumbani. Kwa mkunga, alikuwa mtoto mwingine wa mfalme.

Hata hivyo mkunga simhukumu. Sharti la mbegu hakuliweka yeye. Wakubwa walitaka alama, halafu mzigo wa kuiona wakamwachia mwanamke mmoja. Ufalme wa Burundi ulifutwa 1966, lakini mbegu bado zinatafutwa. Siku hizi ni tarehe, karatasi, alama ya kidole.

Ndugu zangu wa mashirika, mnapotuita kushuhudia, jiulizeni kwanza kama mmetuachia nafasi ya kusema mkono ni mtupu. Na sisi tunaoitwa, tuuangalie kweli huo mkono, ndipo tuseme.