Hilali Isiyoonekana na Wajibu wa Muumini
Hilali, yaani mwezi mwandamo unaofungua mwezi wa Kiislamu, ni nadra kuonekana kwa macho matupu kabla ya kutimiza takriban saa 15 tangu mwezi ulipokutana na jua. Na kwa kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ziko nyuzi nane hivi magharibi ya Dar es Salaam, jua huzama huko karibu nusu saa baadaye, muda unaouongezea mwezi umri na mtazamaji matumaini, ijapokuwa vilima vya ng'ambo ya Mto Kagera na mawingu ya vuli mara nyingi huyakata. Je, mwezi uliopo bila kuonekana humfunga muumini? Sharia imefungamanisha saumu na kuonekana, si kuwapo tu, na anga ikiziba, siku 30 za mwezi unaokwisha hukamilishwa. Kwa hiyo upungufu wa macho ya mwanadamu haukufanywa dhambi, na hiyo ni rehema kubwa. Wanaotegemea falaki, elimu ya mienendo ya sayari na nyota, wana hoja nzito, lakini hesabu haiondoi haja ya ushahidi unaokubaliwa na jamii, haja ambayo hata Karagwe ya Mukama (mfalme) Rumanyika, alikokaa mpelelezi Mwingereza Speke kuanzia Novemba 1861, iliitambua kwa namna yake, kwani mwezi mpya ulipigiwa ngoma mbele ya watu waliokusanyika kuonyesha utii.